MAZUNGUMZO NA BWANA SHAMBA: Daftari Tupu Lina Maana Mbili

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha mahindi na kuyahifadhi yasiharibiwe na dumuzi. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya vifua vya watoto wetu.

Najua wengine watacheka. Watasema, "Bwana Shamba, kazi yako ni mahindi na mbuzi. Kikohozi cha watoto kinakuhusu nini?"

Kinanihusu. Mtoto akiugua, mama hawezi kwenda kupalilia. Shamba lisilopaliliwa kwa wakati wake halitoi mavuno mazuri. Lakini iko sababu nyingine iliyo kubwa zaidi. Mwaka 2020 niliona jambo katika zahanati ya kijiji kimoja ninachokihudumia. Niliona kwa macho yangu, lakini nilielewa vibaya. Nataka nanyi mjifunze jambo hilo bila ya kukosea kama mimi.

MWAKA ULE WA KORONA

Kwanza tukumbushane. Mwishoni mwa mwaka 2019 ugonjwa mpya ulizuka nchini China. Ugonjwa huo ni UVIKO-19, ambao wengi wetu tunauita korona. Tarehe 11 Machi, 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huo sasa ni janga la dunia nzima. Tarehe 16 Machi mgonjwa wa kwanza alitangazwa katika nchi yetu ya Tanzania. Siku iliyofuata ilitangazwa kwamba shule zinafungwa. Watoto wa shule za msingi walikaa nyumbani mpaka tarehe 29 Juni.

Mnazikumbuka siku zile. Tuliacha kushikana mikono. Mlangoni pa kila duka palikuwa na ndoo ya maji na sabuni. Vibuyu chirizi vilitundikwa hata kwenye nyumba ambazo hazikuwa navyo tangu zijengwe. Tuliambiwa tusisongamane. Tuliambiwa tuvae barakoa. Hata misibani watu walisalimiana kwa mbali.

NILICHOKIONA ZAHANATINI

Mwezi Mei mwaka ule nilikwenda katika kijiji hicho kutazama mashamba ya mahindi. Wakulima walikuwa wakisumbuliwa na kiwavijeshi vamizi. Jua lilipokuwa kali nilikwenda kupumzika kwenye baraza ya zahanati.

Siku zote baraza ile hujaa akina mama na watoto. Siku ile ilikuwa tupu. Nilimwona muuguzi amekaa peke yake.

Nikamwuliza, "Nesi, leo wagonjwa wako wamekwenda wapi?"

Akajibu, "Si leo tu, Bwana Shamba. Huu ni mwezi wa pili sasa."

Akaleta daftari la wagonjwa wa nje. Wagonjwa wa nje ni wale wanaotibiwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo, bila kulazwa. Alinifunulia kwanza kurasa za mwezi Mei mwaka 2019. Zilikuwa zimejaa. Mstari baada ya mstari yaliandikwa maneno yaleyale: mtoto, kikohozi. Mtoto, mafua. Mtoto, nimonia, yaani homa ya mapafu. Kisha alinifunulia Mei mwaka 2020. Mistari ilikuwa michache. Mahali pengine ilipita siku nzima bila mtoto mmoja mwenye kikohozi.

Mimi nikafurahi. Nikasema, "Basi korona imetuletea heri. Watoto wetu hawaugui tena vifua."

Yeye hakufurahi. Aliniuliza, "Bwana Shamba, ukiingia katika shamba la mahindi usione kiwavi hata mmoja, unasema nini?"

Nikajibu, "Nasema pengine dawa imefanya kazi. Lakini pengine viwavi wameingia ndani ya moyo wa mmea, siwaoni. Lazima nifunue majani nitazame."

Akasema, "Basi na daftari langu ni hivyohivyo. Pengine watoto hawaugui. Pengine wanaugua, lakini hawaletwi. Lazima mtu afunue majani."

Nilikunywa maji, nikamuaga, nikaondoka. Sikuyafikiria sana maneno yake.

MTOTO ALIYEFICHWA NDANI

Jioni ile nilipita kwenye nyumba ya mkulima mmoja. Nilitaka kumwachia ujumbe juu ya mbegu. Mwenyewe alikuwa amesafiri. Nilipokelewa na mama yake mzazi. Nikasikia ndani sauti ya mtoto akikoroma. Lakini haikuwa sauti ya usingizi.

Nikauliza, "Bibi, nani anaumwa?"

Bibi akasita. Kisha akasema, "Ni mjukuu wangu. Ni mafua tu. Leo siku ya nne. Tunataka kumfukiza kwa majani."

Mama wa mtoto akatoka naye nje. Mtoto alikuwa na umri wa miezi minane. Alikuwa anapumua mbiombio kama kifaranga aliyeshikwa na joto. Kila alipovuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua chake ilibonyea ndani. Mama alisema kwamba tangu asubuhi mtoto amekataa kunyonya.

Nikamwuliza, "Mama, kwa nini hukumpeleka zahanati? Ni mwendo wa nusu saa tu."

Akainamisha kichwa. Akasema, "Niliogopa, Bwana Shamba. Nilisikia kwamba wakimkuta anakohoa watasema ni korona. Watatufungia mbali, na majirani watatukimbia. Na wengine wanasema korona yenyewe iko hukohuko zahanati."

Niliwapakia kwenye pikipiki yangu ya kazi, mama na mtoto. Muuguzi alihesabu pumzi za mtoto kwa dakika moja nzima. Zilikuwa 66. Akampa dawa ya kwanza papo hapo, kisha tukatafuta gari la kuwapeleka hospitali. Huko mtoto alipewa hewa ya oksijeni. Alilazwa siku sita, akapona. Mganga wa hospitali alimwambia mama yake, "Ungengoja mpaka kesho, pengine tungekuwa tunazungumza mengine."

Ndipo nilipoyakumbuka maneno ya muuguzi. Jina la mtoto yule halikuwamo katika daftari kwa siku nne. Mimi niliona ukurasa mweupe, nikasema watoto wamepona. Kumbe mmoja wao alikuwa amelala ndani ya nyumba, anapigania pumzi.

NCHI ZILIZOFUNUA MAJANI

Basi daftari tupu lina maana mbili. Maana ya kwanza ni kwamba watoto hawaugui. Maana ya pili ni kwamba watoto wanaugua, lakini wazazi hawawaleti. Mwaka 2020, je, ipi ilikuwa kweli?

Muuguzi wetu hakuwa na maabara ya kupima aina za virusi. Virusi ni vijidudu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyoleta mafua na vikohozi vingi vya watoto. Lakini ziko nchi zenye maabara nyingi. Nchi hizo zilipima na kuandika. Tutazame nchi mbili, ili tupate jibu.

MAANA YA KWANZA: WENGI HAWAKUUGUA

Nchi ya kwanza ni New Zealand. Nchi hii ni visiwa vilivyo mbali sana, kusini mwa dunia. Ina watu milioni 5 hivi. Watu wake wanajulikana kwa kufuga kondoo na ng'ombe wa maziwa. Majira yao ya baridi ni Juni mpaka Agosti, wakati uleule ambao kwetu ni kipupwe. Kila mwaka katika miezi hiyo watoto wengi huko hushikwa na vifua.

Katika Machi 2020 New Zealand ilifunga mipaka yake. Kisha watu wote waliambiwa wakae nyumbani kwa majuma kadhaa. Baada ya hapo watu walirudi kazini na watoto wakarudi shuleni, lakini mipaka iliendelea kufungwa. Watu wachache walioingia waliwekwa karantini kwanza.

Ilipofika baridi ya mwaka ule, waganga walingoja watoto wenye vifua. Hawakuja. Je, waliogopa kuja? Maabara zilitoa jibu. Wagonjwa waliokuja walipimwa, na virusi vya siku zote havikuonekana.

Wataalamu walilinganisha mwaka 2020 na miaka ya 2015 hadi 2019. Waliona kwamba homa ya mafua makali, inayoitwa influenza, ilipungua kwa asilimia 99.9. Maana yake ni hii: mahali walipokuwa wakipatikana wagonjwa 1,000, alipatikana 1 tu. Virusi vingine vinaitwa kwa kifupi RSV. Hivyo vilipungua kwa asilimia 98. Yaani mahali walipokuwa wakipatikana wagonjwa 100, walipatikana 2.

Tuvifahamu virusi hivi vya RSV. Viko kila nchi, na kwetu viko pia. Mtu mzima akivipata, huona mafua tu. Lakini mtoto mchanga ana njia ndogo sana za hewa kifuani. Njia hizo zikivimba na kujaa makamasi, mtoto hupumua kwa shida. Karibu kila mtoto duniani huwa ameambukizwa RSV kabla ya kutimiza miaka miwili. Wengi hupona bila shida. Wachache huzidiwa, hasa walio na umri wa miezi michache.

Basi somo la kwanza ni hili. Vifua vya watoto haviletwi na baridi peke yake, wala si amri isiyozuilika. Mwaka 2020 baridi ilikuwapo New Zealand kama siku zote. Kilichokosekana ni njia ya virusi kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Njia hizo ni mikono, mate, chafya, na hewa ya chumba kilichofungwa chenye watu wengi.

Wafugaji wanalijua jambo hili. Iko homa ya mapafu ya ng'ombe. Ng'ombe mgonjwa huiambukiza kwa pumzi yake kwa wenzake waliosongamana naye. Bwana Mifugo akiona ugonjwa huo hupiga karantini. Mnada hufungwa, na ng'ombe hawahamishwi. Ugonjwa hupungua kwa sababu umenyimwa njia.

MAANA YA PILI: WENGINE WALIFICHWA

Lakini wafugaji wanajua na jambo la pili. Karantini ikipigwa, yuko mtu atakayemficha ng'ombe wake mgonjwa porini. Anaogopa. Woga huo huua ng'ombe, na huueneza ugonjwa.

Na kwa watoto ilikuwa hivyo. Nchi ya pili ni Italia, iliyo Ulaya. Italia ilipigwa vibaya na korona mapema, katika Februari na Machi 2020. Waganga wa hospitali tano za huko waliwahesabu watoto walioletwa kwa matibabu ya dharura mwezi Machi. Waliwalinganisha na watoto wa mwezi Machi wa miaka miwili iliyopita. Idadi ilikuwa imepungua kwa asilimia 73 mpaka 88.

Sehemu ya upungufu huo ilikuwa heri, kama kule New Zealand. Lakini sehemu nyingine ilikuwa msiba. Katika juma moja tu, kutoka tarehe 23 hadi 27 Machi, waganga hao waliwaona watoto 12 walioletwa wamechelewa mno. Walikuwa na magonjwa mbalimbali. Nusu yao walilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Wanne walikufa. Wazazi wote walisema jambo moja: hatukuwaleta mapema kwa sababu tuliogopa kuambukizwa korona hospitalini.

Wazazi hao wa Italia wana hospitali kubwa na magari. Lakini waliogopa kama alivyoogopa mama yule wa kijijini kwetu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Msemo huo ni wa watu wote.

Woga na misukosuko ya mwaka ule ilizuia hata chanjo. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walieleza kwamba mwaka 2020 watoto milioni 23 duniani walikosa chanjo za kawaida. Idadi hiyo ilizidi ile ya mwaka 2019 kwa watoto milioni 3.7. Mtoto aliyekosa chanjo haonekani katika daftari la wagonjwa siku ile. Huonekana baadaye, ugonjwa unapokuja.

WATOTO WALIPOKUTANA TENA

Sasa sikilizeni yaliyofuata New Zealand. Tarehe 19 Aprili, 2021, watu wa New Zealand na wa nchi jirani ya Australia waliruhusiwa kutembeleana bila karantini. Muda mfupi baadaye virusi vya RSV vilianza kuenea kati ya watoto. Mwanzoni mwa Julai nchi ile ilikuwa imepata karibu wagonjwa 1,000 wa RSV katika majuma matano. Kabla ya korona, wastani ulikuwa wagonjwa 1,743 kwa msimu mzima wa majuma 29. Wodi za watoto zilijaa. Hospitali nyingine ziliahirisha upasuaji usio wa haraka ili wapate vitanda na wauguzi.

Kwa nini wagonjwa walikuwa wengi namna hii? Fikirini mfugaji wa kuku. Ametotoa vifaranga mara mbili, na wote hawajachanjwa. Kideri hakikuja wakati wa totoo la kwanza, akashukuru. Kikija wakati wa totoo la pili, kitawakuta vifaranga wa matotoo yote mawili pamoja. Vilevile kule New Zealand, watoto wengi waliozaliwa mwaka 2019 na 2020 hawakukutana na RSV kwa wakati wa kawaida. Mwaka 2021 walikutana nayo pamoja na wale waliozaliwa mwaka huo. Hata akina mama walikuwa hawajakutana na virusi hivyo kwa muda mrefu. Kwa hiyo walikuwa na kinga kidogo zaidi ya kuwapa watoto wao tumboni.

Wengine wakisikia habari hii husema, "Basi afadhali watoto waugue, wapate nguvu." Huko ni kukosea. Ugonjwa si uji, kwamba mtoto akiukosa anadhoofika. Kadiri mtoto alivyo mdogo, ndivyo kifua kinavyomwelemea. Mtoto akiepushwa na maambukizo mpaka akue kidogo, amepata faida. Lakini tusidhani kwamba ugonjwa uliopungua umekwisha. Unangoja nje ya ua. Tukilegea, utaingia.

Tarehe 5 Mei, 2023, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena. Tulishukuru. Lakini siku hizi nikipita vijijini naona vibuyu chirizi vimekauka. Vingine vimebaki kamba tu. Tumetupa jembe pamoja na magugu.

TUSHIKE LIPI, TUACHE LIPI?

Hatuwezi kufunga shule kila mwaka ili kuzuia kikohozi. Jirani zetu wa Uganda walifunga shule Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu kwa watoto wote mpaka Januari 2022. Hasara ya masomo ilikuwa kubwa. Na hatuwezi kuacha kuzikana wala kutembeleana. Lakini yako mambo madogo yanayonyima virusi njia, na hayana gharama kubwa.

1. Tunawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kibuyu chirizi ni dumu, kamba, na kijiti cha kukanyagia. Tukijaze maji kila asubuhi. Tunawe hasa kabla ya kumshika mtoto mchanga na baada ya kupenga kamasi.

2. Mwenye mafua asimbusu wala asimpakate mtoto mchanga. Hili ni gumu, maana bibi na shangazi hupenda kumbeba. Tuelezane kwa upole. Kama mwenye mafua ni mama mwenyewe, aendelee kunyonyesha, ila anawe mikono na kufunika pua na mdomo.

3. Tufungue madirisha. Mkulima anayejenga banda la kuku huacha nafasi ya hewa, maana anajua kuku waliofungiwa hufa. Lakini chumba anacholala mtoto wake hakina dirisha, au dirisha limezibwa kwa gunia.

4. Tupunguze moshi. Mtoto anayekaa mgongoni mwa mama jikoni huvuta moshi wote wa kuni. Moshi huo huharibu kifua na kuipa nimonia nafasi. Tukaushe kuni vizuri, tujenge jiko banifu, na tumweke mtoto mbali na moshi.

5. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita. Kisha apewe chakula cha kulikiza huku akiendelea kunyonya. Maziwa ya mama yana kinga.

6. Tumalize chanjo. Chanjo ya kuzuia nimonia ilianza kutolewa nchini mwetu mwaka 2013. Mtoto huipata akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Chanjo ya surua hupewa akiwa na miezi 9 na miezi 18. Nayo hulinda kifua, kwa sababu surua huleta nimonia. Itazameni kadi ya mtoto. Kama kuna tarehe iliyopita, nendeni mkaulize.

JINSI YA KUHESABU PUMZI

Nimonia si jambo dogo. Mwaka 2019 pekee iliua watoto zaidi ya 740,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano duniani. Wengi wangepona kama wangetibiwa mapema. Kwa hiyo kila mzazi ajifunze kuhesabu pumzi.

Ngoja mtoto atulie. Asiwe analia wala kunyonya. Funua nguo yake utazame kifua au tumbo. Likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika moja nzima, kwa saa au kwa simu.

Mtoto mwenye umri wa chini ya miezi miwili: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari.

Mtoto wa miezi miwili mpaka chini ya mwaka mmoja: pumzi 50 au zaidi ni hatari.

Mtoto wa mwaka mmoja mpaka chini ya miaka mitano: pumzi 40 au zaidi ni hatari.

Kama huna saa, tazama dalili nyingine. Kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi. Hawezi kunyonya wala kunywa. Anatapika kila kitu. Amelegea, au haamki vizuri. Ameshikwa na degedege. Ukiona hata moja kati ya hizi, usingoje asubuhi. Mpeleke zahanati sasa hivi.

Usimfukize mtoto mdogo kwa mvuke wa maji ya moto. Mvuke unaweza kumwunguza, na unampotezea muda. Wala usimpe vidonge vilivyobaki vya mtu mwingine. Dawa za kuua bakteria haziui virusi vya mafua. Mganga akipima ndiye atakayejua kama mtoto anahitaji dawa hizo. Akiandikiwa, mpe mpaka zimalizike.

Kama mtoto ana mafua tu, anacheza, ananyonya, na pumzi zake si za haraka, mtunze nyumbani. Mpe maziwa na vinywaji mara kwa mara, na mtazame kila siku. Akibadilika, mpeleke.

NENO KWA VIONGOZI WA VIJIJI

Likija janga jingine, watu wataogopa tena. Msingoje mpaka baraza ya zahanati iwe tupu. Watangazieni watu mapema kwamba zahanati iko wazi kwa watoto wote. Mwelezeni kila mzazi kwamba mtoto anayekohoa hatatengwa kwa aibu. Pitieni nyumba kwa nyumba pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji. Mkiona daftari limepungua mistari, msipige makofi kwanza. Ulizeni: watoto hawaugui, au hawaletwi?

Ndugu wasomaji, mtoto yule wa miezi minane sasa anasoma shule. Nilipita kwao hivi karibuni. Kibuyu chirizi chao kilikuwa na maji. Mama yake alicheka, akasema, "Karibu unawe kwanza, Bwana Shamba." Nikanawa.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kuchanja kuku dhidi ya kideri.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KUNDI LENU

1. Mwaka 2020 katika kijiji chenu, je, watoto wenye kikohozi waliopelekwa zahanati walipungua? Mnadhani ni kwa sababu gani?

2. Katika nyumba zenu, vibuyu chirizi vingapi vina maji leo? Hesabuni.

3. Vyumba vingapi wanavyolala watoto vina dirisha linalofunguka?

4. Kila mmoja ahesabu pumzi za mtoto wake aliyetulia kwa dakika moja. Andikeni idadi mliyopata, kisha ilinganisheni na zile za hatari tulizozitaja.

5. Kama mama mmoja anaogopa kumpeleka mtoto zahanati, nani katika kijiji chenu anafaa kwenda kuzungumza naye?